MIRAA SI DAWA YA SUKARI

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi uliopita, yalipokwisha mambo ya ada na ya barua kwa mwajiri, mwenzetu mmoja alisimama akasema maneno ambayo hatuwezi kuyaacha yapite bila jibu. Alisema ana ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa tatu, na vidonge vya hospitali ameviacha kwa maana amepata dawa iliyo bora. Dawa yenyewe ni miraa. Akatoa na sababu yake: "Sukari ni tamu, miraa ni chungu, na chungu huua tamu." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Na baadhi yetu tukanyamaza, kwa kuwa kibunda kilikuwa mfukoni mwetu.

Kunyamaza kule kulikuwa kosa, na leo twalitengeneza. Maana maneno yale hayakuanza kwa ndugu yule. Yanasemwa Bulla Pesa, yanasemwa Kula Mawe, yanasemwa stendi na katika vibanda vya chai, na hata ng'ambo kule Yemen wako wanaoamini hivyo hivyo. Mtu akipata barua ya daktari kuwa ana sukari, kesho yake jirani humwambia, "Usiogope, kula veve, itakauka." Uongo ukisemwa na rafiki huingia upesi kuliko kweli ikisemwa na mgeni.

Kwanza mtujue sisi tunaoandika. Sisi ni watu wa reli. Nyumba zetu ziko Isiolo na kazi yetu iko Nanyuki, mwisho wa njia, kwa maana reli ya Isiolo bado imo katika ramani tu. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwaka 2012, na ndani yake imo reli ya kufika kwetu. Mpaka hapo itakapofika sisi twapanda matatu kwenda kazini. Si madaktari. Shule yetu ilikuwa ya misheni na ikaishia darasa la nane. Lakini kusoma twaweza, kuuliza twaweza, na kuhesabu twaweza. Baada ya mkutano tulikwenda kuuliza wauguzi na madaktari, tukasoma yaliyoandikwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tena msituone kama malaika. Wengi wetu tunaoandika twala miraa. Haya twajiambia sisi wenyewe kwanza.

STIMU INATOKA WAPI

Watu husema "nimeshika stimu". Sisi wa reli neno hili twalijua kutoka kwa wazee waliofanya kazi na injini za mvuke. Stimu ilitoka katika maji na moto. Fundi aliyechochea moto bila kuangalia maji alikuwa anaharibu injini, na angeweza kujiua yeye na wenziwe. Basi tuulize, stimu ya miraa yatoka katika nini? Jani halikupi nguvu mpya. Linachochea moto kwa nguvu ulizokuwa nazo.

Ndani ya jani bichi mna kitu kiitwacho kathinoni. Jani likikaa na kukauka, kitu hiki hupungua. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari ya kutoka Maua hukimbia kana kwamba yanafukuzwa. Kathinoni ni ndugu wa zile dawa za viwandani ziitwazo amfetamini. Ikiwa safi, peke yake, imewekwa katika orodha ya kwanza, ile kali kabisa, ya mkataba wa mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa zinazogeuza akili. Jani lenyewe halimo katika mkataba huo, na sheria ya Kenya inalihesabu kuwa zao la biashara. Lakini aliye ndani ya jani ni yule yule.

Kathinoni ikiingia katika damu, mwili hudanganywa. Hudhani kuna hatari, kana kwamba umekutana na simba njiani. Moyo huenda mbio. Mishipa hubana na presha hupanda. Usingizi hukimbia, njaa hukimbia. Na ini, ambalo ni ghala ya sukari ya mwili, huweza kufungua mlango na kumwaga sukari katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia.

Mtu mzima huvumilia. Kongosho lake hutoa insulini, sukari ikaingia katika misuli, mambo yakapoa. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari ana upungufu wa insulini hiyo, ama mwili wake umeacha kuisikia. Sukari iliyomwagwa hubaki katika damu ikizunguka, ikikwaruza mishipa ya macho, ya figo, ya miguu na ya moyo. Na yeye amekaa kwenye kiti anatafuna, simba hayupo, mbio hazipo.

CHUNGU NA TAMU

Sasa turudi kwa hoja ya ndugu yetu, kwamba chungu huua tamu. Kama ingekuwa hivyo, kwinini ingekuwa imemaliza ugonjwa wa sukari duniani zamani sana. Ladha ya ulimi ni jambo moja na kazi ya damu ni jambo lingine. Ugali si mtamu ulimini, na bado hugeuka sukari tumboni.

Tena huo uchungu hauliwi peke yake. Nani katika Isiolo hutafuna miraa kavu kavu? Upande huu kibunda, upande huu soda, au chai iliyojaa sukari, au bigijii, au peremende. Soda ya chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama 8. Mtu akikaa tangu saa tisa mpaka usiku, akamaliza chupa 3, amekunywa vijiko 24. Mwenye sukari anayefanya hivyo na kusema anajitibu, amejimwagia petroli akitafuta maji.

Mwenzetu alijibu kuwa alijipima mwenyewe akakuta sukari imeshuka. Hatusemi amedanganya. Wachunguzi waliopima damu za walaji miraa hawakupata jibu moja. Wengine waliona sukari imepanda, wengine hawakuona tofauti. Lakini fikirini. Mtu ambaye hajatia chakula kinywani tangu asubuhi, sukari yake itakosaje kushuka? Mkimnyima chakula mtu ye yote itashuka. Hiyo si kupona, ni njaa isiyosikika. Na katika yote tuliyoyasoma na kuyauliza, hatukuona mahali hata pamoja palipomruhusu mgonjwa kuacha dawa zake kwa ajili ya jani.

Na kushuka huko ndiko kunakotutisha zaidi. Tutawaeleza kwa habari tuliyoiona kwa macho yetu.

USIKU WA MVUA

Tulikuwa tumechukuliwa na mkandarasi mmoja baada ya mvua kubwa kuosha kokoto chini ya reli. Kazi ilikuwa ya haraka. Tuliingia alfajiri, na jioni tukaambiwa tuendelee mpaka njia ipitike. Katika genge letu alikuwamo mtu mmoja mwenye sukari, mwenye mikono ya chuma, ambaye jina lake hatulitaji kwa heshima ya nyumba yake. Asubuhi alimeza kidonge chake kama alivyoagizwa, akanywa chai ya rangi. Chakula cha mchana kilipokuja alisema hasikii njaa, maana alikuwa ameshaanza kutafuna ili asilale. Cha jioni hakikuja kabisa.

Yapata saa tano ya usiku akaanza kutoka jasho, na usiku ule ulikuwa wa baridi. Mikono ikatetemeka, akaangusha nyundo. Akawa mkali, akamtukana nyapara, kisha akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Sisi tukacheka. Tukasema, "Leo miraa imemshika kweli kweli." Tukamlaza juu ya magunia, tukamfunika koti, tukarudi kazini. Alfajiri tulipomwamsha hakuamka.

Alipelekwa hospitali, akawekewa maji ya sukari katika mshipa, akafumbua macho. Lakini ubongo uliokosa sukari kwa saa nyingi ulikuwa umeumia. Leo yuko nyumbani. Hutembea kwa mkono wa mkewe. Mtoto wake wa mwisho humwita kwa jina la marehemu ndugu yake.

Ndugu wafanyakazi, katika magunia yale, karibu na kichwa chake, ilikuwapo chupa ya soda iliyobaki nusu. Dawa yake ilikuwa imesimama pale usiku kucha na sisi tuliiona. Hatukujua. Tulidhani ni stimu, kumbe ni sukari iliyokwisha mwilini.

Angalieni namna mambo haya mawili yanavyofanana. Aliyeshukiwa na sukari hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, huwa mkali, husema ovyo. Aliyeshikwa na miraa hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, huongea mno. Dalili moja iliyobaki ya kumwonya mgonjwa ni njaa, na njaa ndiyo inayouawa kwanza na jani. Sisi tunaoishi kwa ishara za njiani twajua maana yake. Mtu akifunika taa nyekundu kwa kitambaa, hatari haikuondoka. Aliyeondoka ni yule angeiona.

Vidonge vingine vya sukari, kama glibenklamidi, pamoja na sindano ya insulini, hushusha sukari hata kama hukula. Havingoji. Ukimeza kidonge cha namna hiyo, kisha ukatafuna na kusahau chakula, umeachilia gari mteremkoni bila breki.

Na wenzetu Waislamu tuwaambie jambo moja kwa heshima. Usiku wa Ramadhani wako wanaokaa barazani na kibunda tangu baada ya tarawehe. Wakati wa daku ukifika chakula hakipiti, maana njaa haipo. Mwenye sukari akiingia katika saumu namna hiyo, tumbo tupu na dawa mwilini na usiku mzima hakulala, anajitia katika hatari mbili kwa pamoja. Mwenye maradhi haya na aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, aambiwe kama mwili wake unaweza saumu, na dawa zipangwe upya.

MENGINE YANAYOFUATA

Yako na mengine ambayo huja polepole.

Mwenye sukari tayari moyo wake uko mashakani. Ongeza juu yake kitu kinachopandisha presha na kubana mishipa kila siku kwa saa 4 au 5, miaka 10. Mwaka 2005 madaktari wa Sanaa, katika Yemen, waliandika kwamba watafunaji, na hasa wale wa kutafuna sana, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na shambulio la moyo kuliko wasiotafuna. Wao wanalijua jani hili kwa karne nyingi.

Mwenye sukari hapaswi kukosa usingizi. Mwili usiolala huzidi kuikataa insulini, na asubuhi yake sukari huwa juu hata kama hakula kitu. Kisha, kwa uchovu ule, mtu huhitaji kibunda kingine ili asimame. Jana inakula kesho.

Mwenye sukari akipata kidonda mguuni, na sisi wa njia twapiga mawe kwa buti kila siku, kidonda kile chahitaji damu ya kutosha ili kipone. Mishipa iliyobanwa haifikishi damu. Tena huko huko Yemen waliopima waliona kuwa kutafuna huzuia baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama ampisilini, zisiingie mwilini sawasawa. Basi mtu hupewa dawa ya kidonda, akaimeza, akatafuna, kisha akalaumu hospitali.

NANI AFAIDIKAYE

Yuko atakayesema, "Hii ni tabia ya mtu, chama kinaingilia nini?" Twamjibu. Kwa nini dereva wa lori la Moyale hutafuna? Kwa nini mlinzi wa usiku hutafuna? Kwa nini sisi tulitafuna usiku ule wa mvua? Hatukuwa arusini. Tulitafuna ili tuifanye kazi ya siku mbili kwa mshahara wa siku moja, na jani tulilinunua kwa fedha zetu wenyewe.

Tajiri hununua mafuta ya mashine yake. Mfanyakazi anayetafuna ili asilale amejinunulia mafuta, akajitia mwenyewe, akajiendesha mwenyewe usiku na mchana, na akiharibika hutupwa kando bila gharama. Mashine ya namna hiyo haijapata kuonekana dukani. Ndiyo maana waajiri wengi hawana neno juu ya kibunda mradi kazi inakwenda, lakini siku mtu akianguka, utasikia, "Alikuwa mlaji miraa." Jana ilikuwa bidii, leo ni hatia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Yasema aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki, katika mwaka, ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akiwa na karatasi ya daktari. Haki za namna hii hazikunyesha kama mvua. Wafanyakazi wa bandari na wa reli waliogoma Mombasa kwa maelfu mwezi wa Januari 1947 waliziandalia njia, nao walikuwa na njaa. Sisi leo twaziuza kwa kibunda kimoja. Mtu mwenye sukari anaumwa, hataki kusema asije akafukuzwa, anatafuna ili aonekane mzima. Ananunua uso wa afya kwa afya yenyewe.

HATUOMBI MARUFUKU

Wengine wataruka waseme basi miraa ipigwe marufuku. Hapana. Sisi wa Isiolo twakumbuka yaliyosimuliwa na wazee. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuizuia miraa huku kaskazini katika miaka ya 1940, na matokeo yake yalikuwa magendo na faini. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014, na wakulima wa Igembe wakapoteza soko kubwa kwa siku moja. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita-Taveta zilitangaza kuizuia muguka. Serikali kuu ikasema amri hizo hazina nguvu, na maneno yakafika mahakamani. Katika kelele zile tulisikia habari nyingi za vijana na nyingi za mapato. Habari ya mfanyakazi mwenye sukari hatukuisikia.

Mama anayeuza vibunda katika soko letu analipa karo kwa vibunda hivyo. Mkulima wa Mutuati ana watoto kama sisi. Hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na uongo kwamba jani ni dawa, na ni na kazi isiyo na usingizi. Mwuza chumvi si adui, lakini mwenye presha akiambiwa chumvi ni tiba, yafaa mtu asimame aseme hapana.

HESABU YA DARASA LA NANE

Sasa chukueni kalamu. Tuseme mtu anatumia shilingi 250 za miraa na shilingi 50 za soda kwa siku. Hiyo ni 300. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 7,800. Kwa miezi 12 ni shilingi 93,600. Mtu huyo huyo hukuambia hana fedha za vijiti vya kupimia damu.

Na hapa tukumbuke jambo la zamani. Insulini ilipatikana Toronto, katika Kanada, mwaka 1921. Kabla ya hapo mtoto aliyeshikwa na sukari ya kuhitaji sindano alikufa tu. Mwaka 1923 wavumbuzi wake waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola 1 kila mmoja, wasitake kutajirika kwa uhai wa watu. Waliuza uhai kwa dola moja ili sisi tuupate. Sisi twakataa kuupokea, twanunua usiku bila usingizi kwa shilingi 93,600.

Tena wako wengi wenye ugonjwa huu wasiojijua. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu watu 88 katika kila 100 wa Kenya hawakuwa wamepata kupimwa sukari hata mara moja. Maana yake katika genge la watu 20, yawezekana 17 hawajui. Anayekwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, mwenye kiu isiyokwisha, anayekonda bila sababu, anayeona ukungu machoni, asiseme ni miraa. Akapimwe.

TUNATAKA NINI

Kwetu sisi wenyewe twataka haya:

1. Mwenye sukari na aache miraa na muguka. Hilo ndilo neno la kweli na hatutalipunguza. Aliyezoea sana na amwambie daktari kweli yote, maana siku za kwanza atachoka, atalala mno na moyo utakuwa mzito. Daktari asiyejua kama unatafuna anakutibu gizani.

2. Ambaye bado hajaweza kuacha, asiache dawa na asiache chakula. Ale kabla, ale kwa saa yake, njaa iwepo isiwepo. Maji badala ya soda. Ajipime. Alale.

3. Kila mwenye sukari katika genge awaambie wenzake wawili. Si aibu. Sisi tulimpoteza akili mwenzetu kwa sababu ni mmoja tu kati yetu aliyejua, na yeye usiku ule alikuwa upande mwingine wa daraja.

4. Mwenzako mwenye sukari akitoka jasho, akitetemeka, akisema ovyo, usibishane kama ni stimu au si stimu. Ikiwa anaweza kumeza, mpe upesi nusu chupa ya soda yenye sukari, au vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Ikiwa amezimia, usimtie kitu cho chote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Yaani soda ile tunayomkataza kila siku, saa hiyo ndiyo dawa. Hapo tu.

Kwa chama chetu twataka haya:

5. Kupima sukari na presha katika mkutano wa tawi, kila baada ya miezi michache, kabla ya hotuba. Wasemaji wetu ni warefu. Damu huchukua dakika moja.

6. Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Chama kituletee mtu atueleze kwa Kiswahili kinachoeleweka fedha hizo zampa nini mwenye sukari: vidonge gani, insulini gani, vipimo gani, wapi.

Kwa waajiri wote wenye kazi za usiku, chama kidai haya:

7. Chakula kwa saa yake, hata njia ikiwa imekatika. Mahali pa baridi pa kuweka insulini, maana joto la Isiolo chini ya bati si la kuchezea. Zamu isiyozidi nguvu za binadamu. Na mtu akitangaza ugonjwa wake asifukuzwe kwa sababu hiyo.

Kwa ndugu yetu aliyesimama katika mkutano twasema hivi. Hatukukucheka, wala hatukuandika ili tukuaibishe. Ulisema wazi yale ambayo wengine huyafanya kwa siri, na kwa hilo twakushukuru. Lakini rudi kwa vidonge vyako. Mkutano ujao tutakuja na mashine ya kupimia, na sisi tunaoandika ndio tutakaotoa vidole kwanza. Ukitaka, kaa karibu nasi.

Mke wa yule mwenzetu alituuliza siku tuliyompelekea michango, "Mlikuwa wangapi usiku ule?" Tulikuwa 14. Hakusema neno lingine. Watu 14 wenye macho mazima, na hakuna aliyejua.

Umoja wa kuchanga baada ya mtu kuanguka ni mwema, na tutauendeleza. Lakini umoja tunaoutaka ni ule wa kujua kabla hajaanguka.

UMOJA NI NGUVU.

Sisi wenzenu wa genge la njia,
Isiolo.